Aliyejifunika Koti Ijumaa Kuu

Kisondela, Jumapili ya Pasaka, alasiri

Atupele mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga na mvua imekushika huko. Nashukuru, maana ukiwa humu ndani siwezi kuandika haya. Ungenitazama mara moja tu, ningeinuka nikajifanya nachochea moto.

Sanduku lako la kwenda chuo cha uuguzi limeshafungwa. Juu ya mashuka, sabuni, namna ya kukaa na wenzako bwenini na saa ya kulala, sitasema kitu. Una miaka kumi na minane. Mimi nilipokuwa na miaka hiyo wewe ulikuwa unatembea umeshika upindo wa kanga yangu. Kama hujajifunza kwangu mambo ya sabuni, hutajifunza kwenye barua.

Nataka kukuambia juu ya leo alfajiri makaburini, na juu ya Ijumaa Kuu ile ulipokuwa na miaka minane, babu yako alipopigwa. Na juu ya kovu la mdomoni mwako. Umekua ukiamini nilikupiga kwa sababu ulimwaga maziwa. Si kweli.

Nitakwenda polepole. Mimi ni mtu wa darasa la saba, ukikuta sentensi imepinda iache ilivyo.

Mwaka ule baba yako alikuwa amekwenda Chunya kuchimba dhahabu, na mimi nilibaki na wewe na mdogo wako mgongoni. Ndio wakati sukari na sabuni zilikuwa zimeanza kurudi madukani bila foleni, na mitumba kumwagwa chini pale sokoni Tukuyu, na malori ya Dar es Salaam kupanda mpaka njia panda yetu kununua ndizi. Zamani ndizi ilikuwa ya kula na ya kumpa mgeni. Sasa kila mkungu shambani ulikuwa hela iliyosimama peke yake, na dereva wa lori haulizi umetoka kwa nani. Watu wakaanza kuibiana. Walikata hata mikungu michanga ambayo haijajaa. Kijiji kikaunda sungusungu, wanaume wenye filimbi na fimbo, mkuu wao baba Gwamaka jirani yetu, huyu huyu anayepiga tarumbeta kanisani. Wakakubaliana kwamba atakayekamatwa na mkungu usio wake hatafika kituoni kwa miguu yake. Mkutano mzima tulisema ni sawa. Mimi nilisema kwa sauti.

Kwaresima ile nilipoteza mikungu minne, yote kwenye shamba la chini kijitoni, lile ambalo babu yako alitugawia tulipooana. Nilikuwa nafunga. Asubuhi nachuma chai ya watu, mchana nalima, nanyonyesha, na chakula sigusi mpaka jua lizame. Nilikonda. Wenzangu wa kwaya walinitania, mmoja akasema, "Mama Atupele, endelea hivyo tutakuzika Ijumaa Kuu, na wewe si Yesu, Jumapili hatutakuona." Nikacheka nao. Lakini mfungo wangu ulikuwa na kisu ndani. Kwenye maombi ya akina mama, kila mmoja alipotoa haja yake, mimi nilipiga magoti nikasema, "Bwana, huo mkono unaokata migomba yangu, uvunje." Wakaitikia amina. Hakuna aliyenishangaa. Tulisema amina ile ile tunayoisema tukiomba mvua.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoanzia.

Nilipokwenda kuutazama mgomba wa tatu uliokatwa, niliona kitu. Mwizi hukata mkungu akakimbia. Mgomba huuacha umeinama, au umeangukia machipukizi ukayaponda. Huyu alikuwa ameukata mgomba mpaka chini, akaupasua vipande, akavipanga kuzunguka shina ili unyevu usipotee. Majani makavu alikuwa ameyalaza taratibu juu ya chipukizi dogo, kulikinga na mvua ya mawe. Palikuwa safi kama mbele ya madhabahu. Nani anaiba halafu anabaki kulea shina? Nilimjua mtu mmoja tu apangaye vipande namna ile, maana ndivyo alivyomfundisha baba yako, na baba yako akanifundisha mimi.

Nilisimama pale muda. Mvua ilikuwa inaninyeshea. Halafu nikapanda juu, nikaenda moja kwa moja kwa baba Gwamaka, nikamwambia mwizi ameingia tena.

Vijana mnacheka habari ya kumwogopa mkwe. Mimi niliolewa na miaka kumi na mitano, nikakuta imo mwilini mwangu tayari, kama kumeza mate. Baba mkwe humtazami. Hukai alipokaa. Ukimsikia njiani unaingia migombani, unageuza mgongo, mpaka apite. Jina lake hulitamki, wala neno linalofanana nalo. Na yeye vilevile anakuogopa: akikaribia kwenu anakohoa kutoka mbali ili upate nafasi ya kujiondoa. Mchungaji alihubiri tuache mambo hayo, tukaitikia, tukatoka nje tukaendelea nayo. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuuona uso wa babu yako.

Basi alipotaka ndizi kutoka shamba alilolipanda kwa mikono yake, aje vipi? Mwanawe yuko Chunya. Mimi niko mle shambani kila siku. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuukataa mlima wa kanisani, kwa hiyo alingoja tulipokwenda kwenye ibada, na Kwaresima ibada ni nyingi. Nilikuwa nawaambia watu mwizi huyu anatuchukia sisi wa kanisani, mbona anakuja saa za ibada tu. Kumbe alikuwa ananipisha. Utauliza kwa nini hakukutuma wewe mjukuu wake. Nilimwuliza hilo baadaye sana. Alisema mtu hamtumi mtoto kwenda kuomba kitu chake mwenyewe.

Ijumaa Kuu tulitoka kanisani saa tisa, tumevaa nyeusi. Tulikuwa tumesomewa mateso yote, tangu bustanini mpaka kaburini, na wengine tulikuwa tumelia. Tulipofika kwenye daraja la magogo tukasikia filimbi kutoka kijitoni. Kwangu. Wanaume wakakimbia na sisi nyuma yao. Wewe nilikuambia ubaki na akina mama. Hukubaki.

Nilipofika juu ya ukingo nilimwona mtu amepiga magoti katikati ya migomba yangu, amenipa mgongo, mkungu uko kando yake, panga wamelitupa mbali. Wamemzunguka, baba Gwamaka mbele, tarumbeta bado inaning'inia begani kwa kamba. Fimbo zilikuwa bado chini. Walikuwa wanangoja mwenye mali aseme. Nikasema, "Ndiye huyo. Ndiye anayenimaliza."

Na yule mtu, aliposikia sauti yangu, alishika koti lake kwa nyuma akalivuta juu, akajifunika kichwa na uso.

Wao walidhani anaficha sura. Mmoja akasema, "Haya hizo angekuwa nazo asubuhi." Mwingine akasema, "Leo utajua ndizi ina mifupa." Wakacheka.

Mimi nilijua. Hakuna mwizi anayejifunika kwa kuwa amesikia sauti ya mwanamke. Anayejifunika hivyo ni mkwe.

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikaingia nyuma ya mgomba, nikageuza mgongo. Miguu iliijua njia yenyewe. Pale nikajiambia: siruhusiwi kumtazama, siruhusiwi kulitaja jina lake, basi sina la kusema. Lakini yalikuwepo maneno mengine mengi, Atupele. Ningeweza kusema mwacheni. Ningeweza kusema huyo ni baba wa mume wangu. Hilo halikatazwi na mtu. Sikusema, kwa sababu kama ningesema, wote wangegeuka kuuliza nani aliyewaita, na nani aliyeviona vipande vilivyopangwa akanyamaza.

Kwa hiyo sikuona. Nilisikia. Mwanzoni fimbo zililia kwenye koti kama watu wanapura maharage ndani ya gunia. Kisha koti likachanika, mlio ukabadilika, ukawa wa maji. Nilisikia jiwe likitua. Nilisikia mtu akihema kwa nguvu, mpigaji, si mpigwaji, kama mtu anayepasua kuni. Sauti ikauliza, "Mkono gani ulioiba?" Nyingine ikajibu, "Wa kuume." Wakaunyoosha juu ya gogo la mgomba wakaupiga kwa mgongo wa panga. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama mtu anavunja muwa gotini. Yeye hakulia. Alitoa pumzi tu, kwa muda mrefu, kama aliyetua mzigo.

Mdogo wako mgongoni kwangu alikuwa amelala.

Kuna jambo ambalo kijijini hapa nimemweleza babu yako tu, naye amekwenda nalo, na leo mchungaji; mwanamume aliyelisikia siku ile hajawahi kulitaja. Walikuwa wameamua kumchoma. Mwanamume mmoja alitoka kwenye duara akanikuta pale nyuma ya mgomba. Alikuwa na damu kifuani, kwenye shati jeupe. Akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama Atupele, mafuta ya taa yako wapi?"

Nikamwambia, "Nyuma ya mlango."

Akaenda.

Nimeandika. Nilidhani kalamu itakataa.

Wewe ulipita kati ya miguu yao. Niligeuka kwa sababu yako, na ndipo nikaona. Ulichuchumaa kwenye matope, hukumtazama kichwani, ulitazama miguu. Ukasema, si kwa kelele, kama mtu anayewarekebisha wakubwa: "Hayo makatambuga ni ya babu. Kamba ya bluu nilifunga mimi."

Zile ndala za tairi, ulikuwa umezifunga kwa uzi wa gunia la mbolea juma lililotangulia. Fimbo zikasimama. Mtu akalivuta koti. Jicho la kushoto halikuwepo tena mahali pake. Baba Gwamaka alikaa chini kwenye matope, hivyo hivyo na suti yake, akaanza kujipigapiga mapaja kama mwanamke aliyefiwa. Na yule mwanamume akarudi mbio na kopo langu la mafuta, akasimama nalo, hajui aliweke wapi.

Walimbeba kwenye machela ya miti mpaka hospitalini. Kanga ya kutandika niliitoa mimi, na watu wakasema, angalia upendo wa mkwe huyu. Babu yako alipona uhai wake. Nyonga haikupona, mkono wa kuume ulikauka, jicho likabaki moja. Polisi walipomwuliza nani waliompiga, alisema hakumwona mtu, alikuwa amejifunika.

Jioni ile tulikuwa jikoni, wewe una kikombe cha maziwa. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini hukusema? Nilikuona nyuma ya mgomba." Mkononi nilikuwa na mwiko. Nilikupiga nao mdomoni kwa nguvu zangu zote. Kikombe kikaanguka, maziwa yakaenda chini pamoja na damu, ukanitazama bila kulia, na mimi nikasema, "Unaona umemwaga maziwa?" Nikakuosha, nikakushika, nikarudia tena na tena habari ya maziwa mpaka ukalala. Asubuhi ulipoulizwa umefanya nini mdomo, ulisema nilimwaga maziwa. Nilikupa sababu ukaichukua, maana mtoto hupokea anachopewa na mama yake. Ukaisahau ile ya nyuma ya mgomba. Mimi nikaona nimepona.

Sungusungu wote walitengwa. Walikaa benchi la nyuma mwaka mzima bila kusogea Meza ya Bwana, na baba Gwamaka akairudisha tarumbeta mwenyewe kabla hajaambiwa. Kila Jumamosi alimletea babu yako kuni, anaziweka mlangoni anaondoka. Mpaka leo analeta, kwa mazoea, ingawa wa kuotea moto hayupo. Mimi nilikaa benchi la pili mbele na kitambaa cheupe. Nilipewa pole. Waliniletea unga. Nikaula mkate wa Bwana Pasaka ile na Pasaka zote zilizofuata, na ulimi haukukauka.

Unakumbuka alipohamia kibanda cha nyuma. Hukuwahi kujiuliza kwa nini ni wewe ulimlisha miaka yote ile, ulikubali tu. Mimi nilipika, nikaweka bakuli kizingitini, nikakaa nje kwa kumpa mgongo, wewe ukaingia na kijiko. Nilisikia mkicheka humo ndani. Kila Kwaresima niliongeza kitu cha kujinyima. Mwaka huu nyama, mwaka huu chumvi, mwaka huu chai. Nilidhani nikipungua mimi na lile litapungua. Watu wakanisifu, wakanifanya kiongozi wa maombi ya kufunga. Babu yako ndiye pekee hakusifu. Uliniletea salamu zake siku moja huku unacheka: "Babu anasema ule, unapita hapo nje kama ufito." Nilikukaripia kwa kukosa adabu.

Halafu mwaka jana ulikuwa bwenini Tukuyu, unajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na mdogo wako alikuwa kwa baba yenu Chunya. Kwaresima ilianza nikiwa na babu yako peke yetu. Niliweka bakuli kizingitini. Nikamsikia akijikokota, akilivuta kwa mkono wa kushoto. Siku ya pili nikasikia bakuli likianguka, na sauti yake akikwangua uji sakafuni kwa kiganja.

Nikaingia.

Alikuwa amekaa chini. Akaona kivuli changu, akanyoosha mkono ule mzima kulivuta koti. Mtu huyu, Atupele, baada ya yote, alitaka kunipisha tena. Nikamwambia, "Usijifunike, baba." Ndiyo maneno ya kwanza niliyowahi kumwambia.

Nikamtazama. Ana paji lako la uso. Miaka kumi na saba nilikuwa nakutazama wewe nikitafuta umetoa wapi paji hilo.

Nilimwambia yote. Vipande vilivyopangwa, ile sala yangu ya mkono, sauti yangu, mgomba, na nyuma ya mlango. Nilipofika kwenye mafuta ya taa nikaonyesha kwa kidole tu mlango wa nyumba kubwa. Yeye akajifuta uji ndevuni.

"Nilikusikia," akasema. "Masikio hawakuyavunja."

Nikangoja anilaani. Nilitaka anilaani.

"Wewe ulikuwa na adabu," akasema, "na mimi nilikuwa na adabu. Tungezidisha kidogo tu ningekuwa majivu." Akacheka na meno yake matatu, kicheko kikamletea kikohozi, nikamshika mgongo. Nilimgusa hivyo bila kufikiri. Kisha akasema, "Leta uji mwingine, mama. Huo ulikuwa mzito."

Nilimlisha Kwaresima nzima. Alikataa kulishwa peke yake kama ndama. Kijiko kimoja yeye, kijiko kimoja mimi, la sivyo anafunga mdomo. Kwa hiyo mwaka jana mimi kiongozi wa wafungaji sikufunga hata siku moja. Kanisani niliwaambia ninaumwa tumbo. Nilikula uji asubuhi na mchana na jioni na mtu niliyemtoa auawe, na akimaliza ananiambia ndaga, kwa Kinyakyusa, asante, kila mara, kana kwamba nimempa ng'ombe. Hiyo ndiyo Kwaresima pekee ambayo sioni haya kuitaja.

Aliniomba jambo moja. Alisema, "Yule mtoto ndiye aliyeniita. Wewe ukampiga. Habari ya maziwa nimeisikia miaka yote, ananihadithia mwenyewe. Mwambie." Nikamwambia Pasaka ukija likizo nitakuambia. Ukaja, umefurahi, unaimba, nikasema acha mtoto amalize mtihani kwanza. Mwezi wa sita, kwenye baridi na ukungu, akafa. Wakati tunamwosha niliona ule mkono umepinda kama chelewa, nikaufunga mimi mwenyewe ndani ya sanda.

Sasa leo. Ulikuwepo, lakini ulikuwa umesimama nyuma yangu, hukuuona uso wangu.

Unajua desturi ya kanisa letu, alfajiri ya Pasaka tunasimama makaburini kabla jua halijatoka, tarumbeta zikishanyamaza kila nyumba inamtaja mtu wake aliyelala tangu Pasaka iliyopita. Baba yako hakupata gari la kutoka Chunya. Mkubwa wa nyumba pale nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejizoeza juma zima, kijitoni, peke yangu, nalisema lile jina mbele ya migomba. Baba Gwamaka akashusha tarumbeta. Mchungaji akanitazama. Akangoja. Kulikuwa kimya hata matone ya mvua juu ya majani yalisikika, na mimi nilikuwa nyuma ya mgomba tena, Atupele. Mgongo umegeuka. Miaka kumi, na mdomo ule ule.

Na wewe ukalitaja. Mara ya pili unasema badala yangu.

Tukirudi njiani ukanishika mkono ukasema, "Usijali mama, najua hamtajagi majina ya wakwe." Ulinihurumia. Ulinipa sababu, kama mimi nilivyokupa wewe ile ya maziwa, ila wewe hukujua. Nimeshindwa kuimeza. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ulipokwenda kwa shangazi yako nilirudi kanisani nikamkuta mchungaji anavua joho. Nilimweleza. Akasema mama, imepita miaka mingi, waliotengwa wamesharudi, na mzee mwenyewe alikusamehe. Nikamwambia yeye alinisamehe, lakini benchi la nyuma nililikwepa. Nimeomba nikae huko. Jumapili ijayo, baada ya ibada, nitasimama mbele ya watu nilioomba nao amina, niwaambie mafuta yalikuwa nyuma ya mlango wa nani. Baba Gwamaka atakuwepo. Amebeba kuni zile miaka kumi akidhani ni mzigo wake peke yake.

Ninaogopa. Sitakudanganya.

Sikuandikii haya ili unionee huruma, hiyo nimeshaila nyingi kwa uongo. Wala sitaki unijibu kesho stendi. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya koti la babu yako, lile lililoshonwa mgongoni, maana uliomba uende nalo. Utaikuta huko mbali. Ukikasirika, kasirika. Ukitaka mwaka mzima usiniandikie, uache upite. Nitaendelea kupika, nitaendelea kukuombea, na safari hii nitaangalia ninachoomba.

Mimi sijui uuguzi. Najua kitu kimoja tu, nimekinunua ghali, na aliyekilipia ni mtu mwingine. Wakikuletea mtu amefunikwa, hata kama wote waliomleta wanajua kwa hakika ni nani na amefanya nini, mfunue kwanza umtazame. Wewe ulianzia miguuni. Hata hapo panatosha.

Mvua imepungua. Nasikia sauti yako kule kwenye daraja, unacheka na mtu, kwa hiyo nina dakika chache.

Kovu lako si la maziwa. Ulisema kweli ukapigwa kwa ajili yake, na aliyekupiga ni mimi.

Na babu yako, baba wa mume wangu, aliyevunjwa mkono kwa ndizi zake mwenyewe, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimemwita "yule" na "babu yao" na "mzee wa nyuma", jina lake ni Ambilikile.

Ambilikile.

Nimeliandika mara mbili, moja kwa kila mara uliyomtaja badala yangu.

Mama yako,
Sekela